Pleti Isiyojua Kukataa

Kijana tunayemsimulia hapa ni wa kutunga, na hospitali anayofanyia mafunzo kwa vitendo haimo kwenye ramani yoyote. Kosa lake silo la kutunga. Hutendeka katika maabara za kweli, na mara nyingi watendaji wake ni wanafunzi wazuri, wenye mikono misafi na daftari lililopangika. Mzembe hubainika mapema, watu wakamkagua mara mbili. Kazi ya mwangalifu hupita na mhuri wake, na hakuna anayerudi kuifungua.

Hospitali ni ya wilaya, mji ni wa pwani, mwezi ni Aprili, na masika yamekolea kiasi kwamba makoti ya maabara yaliyoanikwa jana bado yana unyevu. Stoo ya dawa imepokea makopo ya vidonge vya SP kutoka kwa msambazaji mgeni kwao. Mfamasia anataka vipimwe kabla havijakwenda kliniki ya wajawazito.

SP ni sulfadoksini na pirimethamini ndani ya kidonge kimoja, miligramu 500 za ya kwanza na miligramu 25 za ya pili. Tanzania Bara iliifanya dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Tangu dawa ya mseto ya ALu ilipoipokea mwaka 2006, SP imebaki hasa kwa kinamama wajawazito, ambao humeza vidonge vitatu kwa mpigo mbele ya muuguzi ili kujikinga wao na watoto walio tumboni. Wengi wao hawaumwi chochote siku hiyo. Dawa ikiwa pungufu, hakuna homa itakayogoma kushuka ili watu washtuke.

Viambata hivi viwili hufanya kazi kwa kupokezana. Kimelea cha malaria hujitengenezea folati kwa hatua. Sulfadoksini huziba hatua moja, pirimethamini huziba nyingine iliyo mbele yake, na nguvu ya dawa hutokana na milango yote miwili kufungwa kwa pamoja. Kikiondoka kimoja, kinachobaki ni chini ya nusu. Na wasiwasi wa mfamasia una historia: mwaka 2009 Metakelfin bandia, dawa ya ukoo huohuo wa sulfa na pirimethamini, ilikutwa katika maduka ya dawa 40 nchini Tanzania, ikiwa haina kiambata hai cha kutosha.

Maabara ya hospitali haina mashine kubwa. Ina pleti za alumini zilizopakwa silika, tangi la kioo lenye mfuniko, taa ya urujuanimno, chupa za viyeyushi, na vidonge vichache vya SP halali vinavyotumika kama rejea. Si haba. Maabara za kubebeka zenye vifaa vya namna hii zimetumika Tanzania kukagua dawa hata kwenye vituo vya mipakani. Kazi yenyewe inaitwa kromatografia ya tabaka nyembamba. Unadondosha tone dogo la sampuli karibu na ukingo wa chini wa pleti, unaisimamisha pleti ndani ya kiyeyushi kidogo, na kiyeyushi kinapanda chenyewe ndani ya silika kama mafuta kwenye utambi. Kila kilichomo kwenye tone kinavutwa huku na huku: silika inakizuia, kiyeyushi kinakibeba. Kinachozuiwa sana hubaki chini, kinachobebwa sana hufika juu. Ukigawanya umbali uliopandwa na doa kwa umbali uliopandwa na kiyeyushi, unapata thamani iitwayo Rf, ambayo haiwezi kuzidi moja.

Kijana alifanya karibu kila kitu sawasawa, na haki yake apewe. Alichora mstari wa kuanzia kwa penseli, kwa kuwa wino wa kalamu nao hupanda na kumwaga rangi zake katikati ya matokeo. Aliuweka mstari juu kidogo ya kina cha kiyeyushi, ili madoa yasizame na kuyeyukia tangini. Alizungushia ukuta wa ndani wa tangi karatasi ya chujio, akafunika, akasubiri mvuke ujae. Aliweka sampuli na rejea bega kwa bega kwenye pleti moja, akayaacha madoa yakauke kabla ya kuisimamisha. Kilichomponyoka ni kimoja tu: uchaguzi wa kiyeyushi.

Ethili aseteti ilikuwa kabatini, na ufunguo alikuwa nao fundi sanifu mkuu, aliyekuwa ameomba ruhusa kwenda msibani. Mezani palikuwa na methanoli, ileile ambayo kijana alikuwa ameitumia dakika chache nyuma kuyeyushia kidonge kilichosagwa. Ilikuwa imefanya kazi nzuri. Imeyeyusha vizuri, akawaza, basi itapandisha vizuri.

Hapo ndipo alipoanguka, na hakusikia kishindo.

Pleti ilipotoka tangini na kukauka, aliiweka chini ya taa. Pleti hizi zina kemikali inayong'aa kijani kwenye mwanga wa nanomita 254, na dawa inayoufyonza mwanga huo huonekana kama kivuli cheusi. Alikiona kivuli kimoja upande wa rejea, kikubwa, kimepanda karibu robo tatu ya njia. Akakiona kingine upande wa sampuli, kwa urefu uleule, kwa ukubwa uleule. Alipima kwa rula mara mbili. Akaandika kwenye fomu: Imefaulu. Akatia sahihi, karani akagonga mhuri, na kabla ya saa tisa mchana makopo ya kwanza yalikuwa yameshapakiwa kwenye gari la chanjo kuelekea zahanati.

Kuyeyusha ni jambo moja. Kutenganisha ni jambo jingine kabisa, na mara nyingi kinachoweza sana la kwanza hulishindwa la pili. Uso wa silika umejaa vikundi vya haidroksili vinavyoshika molekuli yoyote yenye mgawanyo wa chaji. Methanoli nayo ina mgawanyo huo, tena mkubwa. Ikipanda kwenye pleti inavikalia vikundi hivyo yenyewe, na dawa hazina tena pa kushika. Zote zinabebwa juu, kama mafuriko yanavyobeba gogo na jani kwa mwendo mmoja. Wanakemia wamevipanga viyeyushi kwa nguvu yao juu ya silika: heksani iko chini kabisa, kisha tolueni, dikloromethani, ethili aseteti, asetoni, methanoli, na maji juu kuliko vyote. Ukianza na heksani tupu, dawa kama hizi hazitasogea mstarini. Wanaoanza kazi hii huogopa sana pleti ya namna hiyo, ambayo madoa yamekwama chini, huiona kama aibu, na hukimbilia kiyeyushi kikali. Lakini pleti ambayo vyote vimekwama chini na pleti ambayo vyote vimefika juu zina thamani sawa: hakuna hata moja iliyotenganisha kitu. Ya kwanza walau ina uungwana wa kuonekana imeshindwa.

Tofauti hiyo kati ya kuyeyusha na kutenganisha iligunduliwa na mtu wa mimea. Mikhail Tsvet, aliyezaliwa Asti nchini Italia mwaka 1872, alikuwa akitafiti rangi za majani, na kuna jambo dogo lililomsumbua. Klorofili ikishatolewa kwenye jani huyeyuka bila taabu katika etha ya petroli. Lakini ukiponda jani na kulimwagia etha ya petroli hiyohiyo, kijani hakitoki. Inatoka karotini ya manjano. Ongeza alkoholi kidogo tu, kijani chote kinamwagika. Ilikuwa rahisi kusema kwamba klorofili iliyo ndani ya jani ni kitu kingine, tofauti na ile ya kwenye chupa. Tsvet alikataa. Kitu ni kilekile, alisema, ila kimeshikwa na tishu za jani, na etha ya petroli haina nguvu ya kukibandua. Basi kama kushikwa na kubanduliwa ndiko kunakoamua, mtu anaweza kukutumia kwa makusudi. Alijaza unga wa kalsiamu kaboneti kwenye mrija wa kioo, akapitisha rangi za jani, nazo zikajipanga pete kwa pete, kijani na manjano, kila moja mahali pake. Aliyaeleza hayo Warsaw mwaka 1903, akayachapisha mwaka 1906 pamoja na jina la kromatografia tunalolitumia hadi leo.

Sifa yake ilichelewa, na hapa pana mkasa mwingine wa kiyeyushi ambao siwezi kuupita. Tangu miaka ya 1880 wataalamu walikuwa wakiloweka majani kwenye alkoholi na kupata fuwele nzuri za kijani, wakaziita klorofili ya fuwele na kuziamini kuwa ndiyo klorofili yenyewe. Kitu kikiwa fuwele, nani atakishuku? Tsvet alizishuku. Baadaye Richard Willstätter, ambaye angepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1915, pamoja na Arthur Stoll, walibaini kwamba jani lina kimeng'enya ambacho, kikikutana na alkoholi, huing'oa sehemu ya mkia wa molekuli ya klorofili na kuipachika alkoholi badala yake. Fuwele zile hazikuwa zimetolewa kwenye jani. Zilikuwa zimetengenezwa na kiyeyushi. Kwa hiyo kijana wetu, pamoja na kosa lake, yumo katika msafara wa watu wenye majina makubwa.

Turudi maabara. Fundi sanifu mkuu alirudi jioni, kanga ya msibani bado begani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Naambiwa SP umeimaliza."

"Nimeimaliza, Mama. Iko sawa. Pleti hii hapa."

Mama aliichukua kwa ukingo, kwa ncha za vidole, akaisogeza chini ya taa.

"Hii rejea yako ina dawa ngapi ndani?"

"Mbili. Sulfadoksini na pirimethamini."

"Nionyeshe."

Kijana akaonyesha kivuli kikubwa kwa ncha ya penseli.

"Hiyo ni moja. Ya pili iko wapi?"

Kijana alitazama pleti, akatazama tangi, akaitazama pleti tena. "Labda zimepanda pamoja."

"Labda. Sasa kama kwenye rejea zimepanda pamoja na wewe huzioni mbili, kwenye sampuli utajuaje kama zilikuwa mbili au moja?"

Swali lenyewe lina urefu wa sentensi moja, na kila niliyewahi kumuuliza hukaa kimya kidogo kabla hajaelewa uzito wake. Kijana alikuwa amefananisha sampuli na rejea kwa uaminifu wote. Alichosahau ni kwamba rejea nayo ilikuwa na ushahidi wa kutoa, na ulikuwa ushahidi dhidi ya kiyeyushi. Kitu kinachojulikana wazi kuwa na dawa mbili kilikuwa kimetoa doa moja. Kidonge chenye sulfadoksini peke yake kingetoa doa hilohilo, kwa urefu uleule. Pleti ile ingesema ndiyo kwa dawa halali na kwa dawa pungufu. Haikuwa na uwezo wa kusema hapana, na kipimo kisichoweza kusema hapana hakijapima kitu. Katika maabara kubwa jambo hili lina utaratibu wake rasmi: mfumo hujaribiwa kwanza kwa vitu vinavyojulikana, na usipovitenganisha hivyo, sampuli ya mteja haiguswi.

"Fomu iko wapi?" Mama aliuliza.

"Imeshakwenda kwa mfamasia."

"Mpigie simu. Mwambie makopo yasimame. Kisha rudi hapa tuanze."

Alipofungua kabati hakukimbilia tangi. Alikata pleti nzee kuwa vipande vidogo, akaweka madoa kadhaa ya rejea, na juu ya kila doa akadondosha kiyeyushi kwa kapilari, taratibu, kikatanuka kama duara. Heksani ilitanuka ikaliacha doa palepale katikati. Methanoli ilikisukuma kila kitu hadi ukingoni, pete moja nyembamba nje kabisa. Ethili aseteti iliacha pete pana, zenye dalili ya kuachana. Kwa matone machache alikuwa ameshajua aanzie wapi. Mbinu hii ni ya zamani kuliko tangi lenyewe. Mwaka 1938 huko Kharkiv, Nikolai Izmailov na Maria Shraiber walitandaza tabaka jembamba la alumina kwenye vioo, wakadondosha sampuli za dawa zitokanazo na mimea, kisha viyeyushi juu yake, wakasoma pete. Kromatografia ya tabaka nyembamba ilizaliwa ikiwa kazi ya wafamasia wanaokagua dawa, na nadhani hilo lingewashangaza wale wanaodhani vipimo vya namna hii ni vya wanyonge wasio na mashine. Pleti za silika kama tuzijuavyo zilienea baadaye, hasa baada ya Egon Stahl wa Ujerumani kuziwekea utaratibu wa kufanana katika miaka ya 1950.

"Nguvu tumeshaipata," Mama alisema. "Sasa tunatafuta upendeleo."

Hapa ndipo wengi husimama mapema mno. Hupata mchanganyiko unaoyaweka madoa katikati ya pleti, Rf kati ya 0.2 na 0.5 au hapo karibu, wakaridhika. Lakini nguvu huamua doa litapanda kiasi gani. Haiamui kama madoa mawili yataachana. Michanganyiko miwili inaweza kuwa na nguvu sawa na ikawatendea wasafiri walewale tofauti kabisa, kwa kuwa viyeyushi havifanani tabia: methanoli hutoa hidrojeni na kupokea, ethili aseteti hupokea tu, dikloromethani ina njia zake. Mwaka 1974 Lloyd Snyder aliviweka viyeyushi vya kawaida katika makundi manane kwa tabia hizo. Faida ya kazi yake kwa mtu aliye mezani ni hii: madoa yakikataa kuachana, usiongeze wala kupunguza tu kile ulicho nacho. Badili kundi.

Kwa SP kuna njia fupi zaidi, na Mama aliijua. Pirimethamini ni besi. Silika ina uasidi kidogo, kwa hiyo humng'ang'ania mgeni huyo na kumfanya aburute mkia mrefu kwenye pleti. Sulfadoksini kwa upande wake ni asidi dhaifu. Ukitia amonia kidogo kwenye kiyeyushi, pirimethamini inaachiliwa na kupanda kwa doa la mviringo safi, huku sulfadoksini ikipoteza protoni yake, ikabeba chaji na kuchelewa nyuma. Ukitia asidi asetiki mahali pa amonia, mambo yanageuka: sulfadoksini inapanda, pirimethamini inakwama chini. Kiungo kimoja cha asilimia chache kinapindua mpangilio wote, jambo ambalo methanoli tupu, kwa nguvu zake zote, haikuweza. Mama alichanganya ethili aseteti, methanoli na amonia kali kwa uwiano wa 85 kwa 10 kwa 5, mchanganyiko unaojulikana sana kwa watu wanaochunguza dawa.

Kijana aliuliza kwa nini asianze na wa asidi, kwa kuwa asidi asetiki haina harufu ya kukata pumzi kama amonia.

"Kwa sababu ya ishirini kwa moja," Mama alijibu.

Kumbuka uzito wa kidonge: miligramu 500 kwa 25. Kila ukiweka mikrogramu 20 za sulfadoksini kwenye pleti, umeweka mikrogramu moja tu ya pirimethamini. Ili mdogo aonekane lazima uongeze tone, na ukiongeza, mkubwa anavimba na kuacha ukungu mrefu nyuma yake. Nyuma, yaani chini. Mdogo akiwa chini ya mkubwa atafunikwa na ukungu huo hata kama kwa hesabu ya Rf wameachana. Mdogo akitangulia mbele, njia yake ni nyeupe. Amonia inamtanguliza. Vitabu vingi vya shule hufundisha Rf na kuishia hapo, havisemi nani awe mbele ya nani. Kwa maoni yangu, kwa anayetafuta kitu kidogo kilichojificha karibu na kikubwa, hilo ndilo swali la kwanza.

Kulikuwa na masika pia. Silika hunyonya unyevu wa hewa, na maji yakishakaa kwenye uso wake nguvu ya kushika inapungua, madoa yakapanda zaidi ya kawaida. Rf iliyopimwa Dodoma wakati wa kiangazi haitalingana na ya Tanga mwezi wa Aprili hata kiyeyushi kikiwa kimoja. Mama alizitia pleti kwenye oveni ya nyuzi 105 kwa nusu saa, akaziacha zipoe ndani ya chombo kikavu kilichofunikwa. Na hakukubali kutumia mchanganyiko wa amonia uliobaki chupani tangu wiki iliyopita: amonia hutoroka kila mfuniko unapofunguliwa, na iliyobaki huishambulia ethili aseteti polepole, hivyo lebo inabaki ileile wakati kilichomo kimeshabadilika.

Aliongeza onyo kuhusu klorofomu, ingawa siku ile hawakuihitaji. Chupa nyingi za klorofomu hutiwa ethanoli, kati ya nusu asilimia na moja, ili isioze. Nyingine huhifadhiwa kwa amileni. Kwa macho hazitofautiani. Kwenye pleti, ile ethanoli ndogo inatosha kusogeza madoa, na mtu aliyebadilisha chupa katikati ya kazi atatafuta mchawi bure. Benzini, ambayo mapishi ya zamani huitaja kila ukurasa, aliipiga marufuku maabara yake kwa kuwa husababisha saratani ya damu. Tolueni inaziba pengo hilo vizuri.

Walipandisha rejea peke yake kwanza. Vivuli viwili, mdogo mbele, mkubwa nyuma, na nafasi nyeupe katikati. Ndipo sampuli ikaruhusiwa kuingia. Kwenye pleti ya pili waliweka rejea kamili, rejea iliyozimuliwa hadi nusu, rejea iliyozimuliwa hadi robo, na sampuli ya kidonge cha msambazaji. Rejea zote tatu zilionyesha doa la mbele, hata ile ya robo, hafifu lakini lipo. Sampuli ilionyesha kivuli kikubwa cha sulfadoksini mahali pake. Mbele yake palikuwa kijani kitupu.

Kijana alitaka kuandika neno bandia. Mama akamzuia, akaandaa tangi la tatu, la asidi asetiki. Kiyeyushi kimoja kikisema kitu hakipo, huenda kimekificha. Viwili vyenye tabia za kupingana vikisema hivyo, maneno yanapata uzito. Kwenye tangi la tatu pirimethamini ya rejea ilibaki chini karibu na mstari, kama ilivyotarajiwa. Ya sampuli haikuwepo chini wala juu.

"Andika ulichoona," alisema. "Pirimethamini haikuonekana katika mifumo miwili. Kiasi cha robo ya kipimo kingeonekana. Ipelekwe maabara kuu wapime kwa mashine. Bandia au siyo bandia, hilo si letu. Pleti haijui nani alikitengeneza kidonge."

Waliporudia fomu, kasoro nyingine ilijitokeza. Ilikuwa na nafasi ya jina la dawa, namba ya toleo, tarehe, matokeo, sahihi. Haikuwa na nafasi ya kiyeyushi. Mfamasia aliyeisoma ile ya mchana hangeweza kushuku chochote, hata kama anaijua kemia kuliko wote wawili, kwa sababu neno methanoli halikuandikwa popote. Mama alichora safu mpya kwa rula kwenye fomu zote zilizobaki kwenye faili, kisha safu nyingine kando yake: rejea imetoa madoa mangapi?

Asubuhi yake kijana na mfamasia walipanda gari la hospitali kufuata makopo. Zahanati ya kwanza haikuwa imefungua lake. Ya pili ilikuwa imefungua kwa kliniki ya jioni, na muuguzi akatoa daftari bila kuulizwa mara mbili. Vidonge thelathini na sita vilikuwa vimetoka. Mfamasia alimwelekeza asimpe mtu yeyote dozi nyingine ya kufidia hadi daktari aamue, kwa kuwa sulfadoksini ilikuwa imeshamezwa na dozi za SP hutakiwa kupishana kwa mwezi mmoja au zaidi. Kijana alikaa kwenye benchi la wagonjwa, akanakili majina ya waliomeza. Yalikuwa kumi na mawili, na wenye namba za simu walikuwa tisa.